Shahidi Anapoyakana Maelezo Yake

Uaminifu wa shahidi, yaani kiwango ambacho jaji anaweza kuyategemea maneno yake baada ya kupimwa kwa maswali ya dodoso ya upande wa pili, ndio uliozama katika kesi ya William Ruto, wakati huo Naibu wa Rais wa Kenya, na mtangazaji Joshua arap Sang, iliyoanza katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague Septemba 2013 kuhusu ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007.

Baadhi ya mashahidi wa mashtaka waliyakana maelezo waliyoyaandikisha kwa wapelelezi, na mwendesha mashtaka akaomba maelezo hayo ya awali yapokewe kama ushahidi. Majaji wa kesi walikubali Agosti 2015, lakini majaji wa rufani wakautengua uamuzi huo Februari 2016, kwa kuwa kanuni iliyotumika ilirekebishwa baada ya kesi kuanza, na haikufaa kurudishwa nyuma kwa hasara ya washtakiwa. Hoja hiyo ni ya haki, ingawa (na hapa ndipo penye uchungu kwa waathiriwa) shahidi aliyesema mambo mawili yanayopingana huweza kukosa kuaminika katika yote mawili, hata kama moja ni kweli na jingine limetokana na woga au hongo.

Aprili 2016 majaji 2 kati ya 3 waliikomesha kesi bila kuwatangaza washtakiwa kuwa hawana hatia: mashtaka yalifutwa, na mlango wa kuyafungua upya ukaachwa wazi.