Bustani ya Mboga Karibu na Jikoni

Leo tunazungumza na wewe ambaye hujawahi kulima bustani ya mboga, au ulijaribu mara moja ukakata tamaa.

Huku kwetu Kisii na Nyamira mvua ni nyingi na udongo ni mzuri. Lakini shamba ni dogo, na mahali pengi chai imefika hadi mlangoni. Chai huleta pesa, lakini mtoto hawezi kula majani chai. Mtoto anayekula ugali na mchuzi mtupu kila siku hushiba, lakini damu yake hupungua na hukua polepole. Mama mjamzito naye anahitaji madini ya chuma ili awe na damu ya kutosha wakati wa kujifungua. Mboga za kijani husaidia sana.

Tunazo mboga zetu: chinsaga, managu, emboga, risosa, enderema na omotere. Akina nyanya wa Gusii wamewapa chinsaga wanawake waliojifungua tangu zamani. Wataalamu kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha JKUAT wamezichunguza mboga za kienyeji kwa miaka mingi na kuonyesha kwamba zina lishe bora. Si chakula cha maskini.

Utaanzaje? Anza kidogo. Hatua nne kwa nne, karibu na jikoni, mahali penye jua, zinatosha. Mtu anayeanza na eneo kubwa hushindwa na palizi.

Changanya udongo na samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza miche. Mbegu za chinsaga ni ndogo sana, kwa hivyo zichanganye na mchanga mkavu, uzimwage kwenye mistari na kuzifunika kwa udongo kidogo tu. Chinsaga haipendi kuhamishwa, ipande pale pale itakapokua. Mbegu iliyovunwa juzi huota vibaya. Tumia iliyokaa miezi kadhaa. Managu unaweza kuotesha kwenye kitalu kisha ukahamisha miche. Risosa ipande pembeni, itambae kwenye ua.

Huna nafasi hata hiyo? Tumia gunia. Simamisha katikati mkebe uliotolewa kitako, ujaze mawe madogo, kisha uzungushie udongo na samadi. Vuta mkebe juu kidogo, ujaze tena, hadi gunia lijae. Mawe hayo ndiyo njia ya maji. Toboa matundu ubavuni, upande miche ya sukuma wiki au managu. Asubuhi na jioni, mwagia maji uliyooshea mboga.

Kuku ndio adui wa kwanza. Zungushia miti au miiba kabla ya kupanda, si baada. Ukiona wadudu, nyunyizia jivu. Usitumie dawa za shambani kwenye mboga ambazo mtoto atakula wiki hiyo.

Mvua ya mawe inaweza kupasua majani yote kwa dakika chache. Usikate tamaa, mama. Panda mistari miwili leo na miwili baada ya wiki mbili, ili moja ikiharibika nyingine ibaki. Baada ya mwezi mmoja hivi utaanza kuchuma chinsaga. Kata ncha na maua, nayo itatoa matawi zaidi.

Sasa jikoni. Osha mboga kabla ya kuzikata. Usizichemshe muda mrefu na kumwaga maji, kwa maana virutubishi vingi huenda na maji hayo. Kama ni chungu, tia maziwa. Weka mafuta kidogo, yatamsaidia mtoto kupata vitamini A. Mtoto aliyetimiza miezi sita mpondee mboga laini pamoja na ndizi au viazi, huku akiendelea kunyonya. Matunda mabichi ya managu asile, yana sumu.

Tena, usinywe chai pamoja na chakula. Chai huzuia mwili kupata madini ya chuma. Subiri saa moja. Badala yake kula pera au chungwa, husaidia madini hayo kuingia mwilini.

Kumbuka mambo matatu:
1. Anza na bustani ndogo karibu na jikoni, na uizungushie ua.
2. Panda kidogo kidogo, kila baada ya wiki mbili.
3. Mtoto ale mboga kila siku, na chai ingoje.

Endelea kumpeleka mtoto kliniki apimwe uzito. Akipungua au akionekana mweupe viganjani, usingoje mboga ziote. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo.

Haba na haba hujaza kibaba.