Mtoto Agombee Mwenyewe

Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwenye semina ya wazazi na walimu wa shule za msingi za Kilosa na Mikumi



Nimeombwa nizungumzie uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi katika shule za msingi. Huenda wapo wanaojiuliza, kanisa linahusikaje na kiranja wa darasa la tano? Tumezoea kukutana kuzungumzia visima, mbuzi wa maziwa na vikundi vya kuweka na kukopa. Lakini ninyi ni mashahidi. Pampu ya kisima ikiharibika ikakaa miezi, ukifuatilia utakuta kamati ilichaguliwa kwa kujuana, na hakuna aliyethubutu kuuliza fedha za matengenezo zilikwenda wapi. Watu wazima wale walijifunza lini kunyamaza? Wengi wetu tulijifunza tukiwa shuleni.

Sisi tuliosoma miaka ya tisini na kurudi nyuma tunakumbuka. Mwalimu alimteua mwenye umbo kubwa na sauti nzito, na kazi yake kubwa ilikuwa kuandika majina ya wapiga kelele. Tulimwogopa, hatukumtuma kitu. Leo mambo yamebadilika, angalau kwenye karatasi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991. Baraza la Watoto la Jamhuri ya Muungano lilianzishwa mwaka 2002. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 11, inampa mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayomhusu. Kilichobaki ni sisi.

Naomba nikiri kosa langu. Miaka michache iliyopita mpwa wangu, ambaye ninaishi naye, alikuwa darasa la sita. Darasa la saba walikuwa wanakaribia kumaliza, naye akataka kugombea udada mkuu. Mimi, kwa kuwa kuandika maandiko ya miradi ndiyo kazi yangu, nilikaa usiku nikamwandikia hotuba yenye dira, malengo na mikakati. Alfajiri nikamkaririsha. Akasimama mbele ya mstari, akafika sentensi ya tatu, akasahau. Wenzake wakacheka. Jioni aliniambia, "Mjomba, mimi nilitaka kuwaambia habari ya ndoo tu." Ndoo ya maji ya choo cha wasichana ilikuwa ikichukuliwa kila siku kumwagilia maua mbele ya ofisi. Wasichana wakubwa, wakiwa kwenye siku zao, walibaki nyumbani. Mtoto alikuwa na hoja ambayo mimi na shahada yangu sikuwa nayo, na nikaifunika kwa maneno makubwa.

Kutokana na hilo, napenda kupendekeza mambo matano.

Kwanza, muulize mtoto kabla ya kumshauri. Ni jambo gani linakuudhi shuleni? Wenzako wanasemaje? Ukichaguliwa, Jumatatu utafanya nini? Majibu yake ndiyo hotuba yake. Ayaseme mbele yenu nyumbani mara mbili tatu, kwa maneno yake, hata kama Kiswahili chake kina lafudhi ya Kikaguru, Kisagara au Kimaasai.

Pili, msaidie aahidi anachoweza. Hapa Mikumi barabara kuu ya kwenda Zambia inapita katikati ya mji, na watoto wanaivuka. Mtoto hawezi kuahidi matuta. Anaweza kuahidi kwamba wakubwa watawasubiri wa darasa la kwanza getini ili wavuke pamoja, na kwamba suala la matuta litapelekwa kwa maandishi kwa mwalimu mkuu na kamati ya shule. Atakayezoea kuahidi daraja akiwa na miaka kumi na miwili, tutamkuta jukwaani akiwa na arobaini.

Tatu, pipi na biskuti zibaki dukani. Wengi mnalikumbuka neno takrima. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilifanyiwa marekebisho yaliyoruhusu wagombea kuwakirimu wapiga kura, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikavibatilisha vifungu hivyo. Mzazi anayempa mtoto wake pakiti tatu za pipi akagawe darasani anairudisha takrima kupitia mlango wa nyuma. Tena anamnyima mtoto wa maskini nafasi.

Nne, nasema na walimu wetu. Kura iwe ya siri na ihesabiwe mbele ya watoto wote. Haina gharama: boksi moja na vipande vya karatasi. Wadogo ambao hawajajua kusoma vizuri watumie punje za mahindi na makopo yenye picha, nyuma ya pazia. Matokeo yakishatoka yasibadilishwe kwa kuwa mshindi ni mtoto wa mfugaji, au ana ulemavu, au sare yake imechanika. Sisi wa Kilosa tunajua chuki kati ya wakulima na wafugaji ilitufikisha wapi kule Rudewa Mbuyuni, Desemba 2000. Mtoto wa mkulima aliyempigia kura mtoto wa mfugaji kwa sababu anamwamini, ameshaanza kazi ambayo semina zetu zinahangaika kuifanya. Mtakumbuka Yese alipeleka wanawe mbele ya Samweli, lakini yule mdogo hakuitwa hata kidogo, alikuwa machungani. Ndiye aliyekuwa akitafutwa.

Tano, tuwaandae kushindwa. Wagombea wakiwa wanne, watatu watarudi nyumbani bila cheo. Usimwambie mtoto ameibiwa kura kama huna ushahidi. Mwambie akampe mwenzake mkono. Katika kisa nilichowaeleza, ndoo ilirudi chooni. Aliyeshinda alimfuata mpwa wangu siku ya pili akamwuliza alitaka kusema nini, kisha wakaenda wote kwa mwalimu. Watoto walitengeneza nilichoharibu.

Baada ya uchaguzi, baraza la wanafunzi lisiachwe kuwa pambo. Angalau mara moja kwa mwezi mwalimu mkuu akae nalo, na kila hoja ipate jibu: ndiyo, au hapana na sababu yake. Mtoto anaweza kupokea "hapana" yenye sababu. Asipojibiwa kabisa anajifunza kwamba kura ni mchezo, na somo hilo halifutiki kirahisi.

Ndugu zangu, mpwa wangu hakugombea tena. Amemaliza shule ya msingi, ni msichana mwenye akili nzuri, lakini akiombwa kusimama mbele ya watu anatikisa kichwa. Hilo linaniuma mpaka leo, na ndiyo sababu nimekubali kusimama hapa. Ombi langu ni dogo. Leo jioni, kabla ya chakula, kila mmoja amwulize mtoto wake ni jambo gani angependa libadilike shuleni kwao. Halafu anyamaze, asikilize mpaka mwisho.

Mungu awabariki.