Jina la Mtakatifu Getini Halimlei Mtoto

(Mada niliyoitoa kwenye mkutano wa wazazi wa ibada za Kiswahili hapa Uingereza. Nimeiacha kama nilivyoizungumza.)

  

Nimeombwa nizungumzie namna sisi wazazi Wakristo tunavyochagua shule za watoto wetu. Mimi si mwalimu wala mwanasheria. Ni muuguzi wa wodi ya watoto, mama wa watoto wawili, Mlutheri niliyekulia Kilimanjaro. Shahada yangu ni ya uuguzi, kwa hiyo nitakayosema yapokeeni kama ya mzazi mwenzenu aliyekaa akazisoma fomu na kanuni mpaka macho yakauma. Hoja yangu naisema mapema, ili anayewahi zamu aondoke nayo. Shule yenye jina la mtakatifu getini inaweza kuwa shule nzuri sana kwa mwanao, lakini kumpeleka huko si kutimiza ahadi uliyoitoa siku alipobatizwa. Ahadi ile inabaki nyumbani kwako, shule yoyote utakayochagua.

Tuanze na sisi wenyewe. Kwa nini Mtanzania akisikia "St." anasisimka? Kwa sababu tulikotoka shule ya misheni ndiyo iliyokuwa mlango wa elimu. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikazitia shule nyingi za makanisa mikononi mwa serikali, seminari zikabaki. Baadaye milango ilipofunguliwa tena, makanisa yakajenga upya, na shule zao nyingi zikapata sifa ya nidhamu na matokeo mazuri ya kidato cha nne. Sikio hilo ndilo tulilopanda nalo ndege. Tunafika huku, tunaona kibao kimeandikwa jina la mtakatifu, tunadhani tumefika kwa masista.

Ndugu zangu, hapa mambo ni tofauti. Nikisema hapa nazungumzia England, maana Scotland, Wales na Ireland Kaskazini wana taratibu zao. Karibu theluthi moja ya shule zinazolipiwa na serikali hapa ni shule za dini, na zilizo nyingi zaidi ni za Kanisa la Anglikana, zaidi ya 4,500. Wakatoliki nao wanazo kama 2,000, ukihesabu na za Wales. Mzazi halipi ada. Mpango huu unatokana na sheria ya mwaka 1944, iliyozigawa shule za makanisa katika mafungu mawili makubwa. Fungu la kwanza, kanisa lina usemi mkubwa: bodi ya shule ndiyo inayopanga nani apokewe na dini ifundishwe vipi. Fungu la pili, halmashauri ndiyo inayopokea wanafunzi, na somo la dini kwa kawaida linafuata mtaala uleule wa shule nyingine za eneo hilo. Siku hizi nyingine zimekuwa akademi, nazo zina mikataba yao. Kwa hiyo swali la kwanza la mzazi lisiwe "ni shule ya kanisa?" Liwe "ni ya aina gani, na nani anayepokea wanafunzi?" Shule mbili zenye msalaba uleule ukutani zinaweza kutofautiana kama mchana na usiku.

Kuna jambo la pili ambalo wengi wetu tumelielewa kinyume. Tangu Septemba 2020, elimu ya mahusiano ni lazima katika shule zote za msingi, na elimu ya mahusiano na ya jinsia ni lazima katika sekondari zote. Zote, hata za makanisa. Shule ya kanisa inaruhusiwa kufundisha kwa kuzingatia imani yake, lakini haiwezi kuliacha somo. Mzazi anaweza kuomba mwanawe asihudhurie sehemu ya elimu ya jinsia. Hawezi kumtoa kwenye elimu ya mahusiano wala kwenye sayansi. Basi aliyemhamisha mtoto shule mbili kwa basi ili "asifundishwe yale mambo", ajue yale mambo yamemtangulia huko.

Na upande wa pili vilevile. Sheria inazitaka hata shule za kawaida za serikali ziwe na ibada ya pamoja kila siku, na kwa sehemu kubwa iwe ya mwelekeo wa Kikristo, ingawa utekelezaji wake tunaujua wenyewe. Somo la dini lipo pia. Mzazi ana haki ya kumtoa mtoto katika vyote viwili, awe katika shule ya kanisa au ya kawaida. Nasema hivi kuonyesha kwamba ukuta tunaoudhani upo kati ya shule "yetu" na shule "yao" ni mfupi kuliko tunavyofikiri.

Sasa niseme ya kazini kwangu, bila kumtaja mtu. Wodini kwetu usiku tunapokea vijana wa miaka 13, 14, 15 waliojidhuru. Nimekaa nao mpaka alfajiri. Wanakuja na sare za shule za kila aina, zenye msalaba na zisizo na msalaba. Sijawahi kuona sare iliyomkinga mtoto. Kinachojirudia katika maneno yao ni kwamba hakuna mtu mzima aliyekuwa akijua. Shuleni hawakujua, na nyumbani mama alikuwa zamu, baba amelala kwa kuwa ametoka zamu. Simlaumu mama huyo. Mimi ni yeye. Sisi wabeba boksi na wabeba wagonjwa tunaijua ratiba yetu. Lakini ndiyo maana naogopa tunapoiachia shule kazi ya malezi kwa kuwa tu ina jina zuri.

Basi tuchagueje? Mimi napendekeza maswali matatu, na yote yanamhusu mtoto kabla ya kuihusu shule.

Kwanza, huyu mtoto ni nani? Mmoja anachanganya herufi akisoma, anahitaji shule yenye mwalimu anayejua kumsaidia. Mwingine ni mpole, shule ya wanafunzi 1,800 itammeza. Mtoto wa dada si wako, na hata wako wawili hawafanani. Ripoti ya wakaguzi wa Ofsted isomeni, lakini isomeni kwa macho ya mtoto huyo.

Pili, nani pale shuleni atamjua kwa jina? Siku ya kutembelea shule usiulize matokeo tu, yamo kwenye mtandao. Uliza mtoto akitukanwa kwa rangi yake mnafanya nini, hatua kwa hatua. Uliza mtoto akiacha kula chakula cha mchana, nani atagundua. Mwalimu mkuu akijibu kwa mifano, kaa. Akijibu kwa kauli mbiu iliyo ukutani, endelea kutembea.

Tatu, nani atampokea saa tisa alasiri? Shule bora iliyo mbali, na mzazi aliye zamu, inamzaa mtoto wa kituo cha basi. Shule ya wastani iliyo jirani na rafiki wa mama yake inaweza kumfaa kuliko hiyo yenye nyota.

Mmeona kwamba sijauliza kuhusu dini. Si kwamba haina uzito. Uzito wake uko kwetu. Sala ya jioni, Biblia ya Kiswahili, kumweleza mtoto kwa nini sisi tunaamini hivi na rafiki yake haamini, hiyo ni kazi ambayo hakuna mwalimu anayelipwa kuifanya. Aliye zamu usiku afanye asubuhi. Dakika kumi zinatosha kama ni za kila siku.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma, la fomu. Shule ya kanisa yenye nafasi za kutosha haiwezi kumkataa mtoto kwa dini yake. Lakini waombaji wakizidi nafasi, inaruhusiwa kutanguliza waumini, na hapo ndipo inapokuja fomu ya nyongeza ya kusainiwa na padri au mchungaji. Vigezo vingine vinataka mahudhurio ya Jumapili kwa muda fulani, vingine cheti cha ubatizo cha Katoliki. Matokeo yake mnayajua: Wakristo wa msimu wa fomu. Watu wanahama dhehebu mwezi wa tisa na kurudi mwezi wa tatu barua za shule zikitoka. Mtoto wa miaka kumi anaona yote. Anajifunza kwamba kanisa ni dirisha la kugongewa muhuri. Hilo somo hakuna shule ya mtakatifu itakayolifuta.

Lakini tusiishie kuwasema wazazi. Vigezo vyenyewe vina kasoro inayotuangukia sisi hasa. Muuguzi anapangiwa Jumapili. Mlezi wa wazee, dereva wa basi, hali kadhalika. Ibada zetu za Kiswahili wengi tunazifanya alasiri kwenye ukumbi wa kukodi, sehemu nyingine mara moja kwa mwezi. Mimi binafsi fomu yangu ilirudishwa na shule moja kwa maelezo kwamba kanisa lililosaini halimo kwenye orodha yao. Mchungaji wangu, aliyetuzika na kutuozesha watu miaka yote, hakuhesabika kuwa mchungaji. Kigezo kinachodai kupima imani kinapima nani ana Jumapili za bure na kanisa lenye jengo.

Hili linaweza kusemwa mahali panapohusika. Shule ikitaka kubadili vigezo vyake lazima itoe nafasi ya maoni kwa wiki sita angalau, kati ya Oktoba 1 na Januari 31, na hata isipobadili kitu lazima iulize walau kila baada ya miaka saba. Vigezo vikishapitishwa, mtu yeyote anaweza kupeleka pingamizi kwa Msuluhishi wa Shule wa serikali kabla ya Mei 15 kupita. Kanuni kwa kawaida zinakataza kumbagua mtoto kwa kazi ya mzazi wake, ndoa yake au kipato chake. Napendekeza jumuiya zetu ziandike barua moja kwa bodi za shule za eneo letu, tukiomba mahudhurio yahesabiwe hata kwa anayefanya kazi Jumapili, na ibada zetu zitambuliwe. Barua ya familia 40 inasomwa tofauti na malalamiko ya mama mmoja getini.

Na tukiandika, tukumbuke historia yetu. Huko Tanganyika wazazi Waislamu wa Pwani walisita kuwapeleka watoto shule za misheni, wakihofu mtoto ataingia Juma atoke John. Mwaka 1892 Wajerumani walifungua shule ya serikali Tanga, isiyokuwa ya misheni, lakini shule za namna hiyo zilikuwa chache mno. Wengi wakabaki na chuo cha Kurani peke yake, na pengo la elimu lililotokana na hali hiyo bado linazungumzwa kwa uchungu nyumbani hadi leo. Sasa sisi tuko ugenini tunajaza fomu za watu tukiogopa mtoto wetu atatoka mwingine. Tumeonjeshwa. Kwa hiyo tusiombe upendeleo ambao tusingependa kuuona jirani yetu Mwislamu au Msomali akinyimwa. Tuombe vigezo ambavyo hata yeye akivisoma atasema ni vya haki.

Mwisho, wapo wanaosema dawa ni kumrudisha mtoto bweni nyumbani, kwa masista. Kwa wengine imefaa. Lakini angalieni karatasi kabla ya kukata tiketi. Mtoto mwenye kibali cha kudumu kwa kawaida anakipoteza akikaa nje ya nchi hii zaidi ya miaka miwili mfululizo. Mwenye pasipoti ya Uingereza anaweza kuhitaji kibali cha kuishi Tanzania. Na mkopo wa chuo kikuu hapa kwa kawaida unadai awe ameishi nchini miaka mitatu kabla ya kuanza masomo. Ukimrudisha Uingereza ana miaka 17, unaweza kujikuta unatakiwa ada ya mgeni. Zaidi ya hayo, muulize mtoto mwenyewe. Mtoto anayepelekwa nyumbani kama adhabu ataichukia nyumbani. Kama ni shule binafsi ya hapahapa, jueni pia kuwa tangu Januari 2025 ada zake zimeongezewa kodi ya asilimia 20.

Tarehe andikeni sasa hivi: maombi ya sekondari mwisho Oktoba 31, ya msingi mwisho Januari 15. Jazeni chaguo zote mlizopewa, maana kuandika shule moja tu hakuilazimishi kumchukua mwanao. Majibu ya sekondari hutoka Machi 1, ya msingi Aprili 16, na ukikataliwa una haki ya rufaa.

Nimeleta rasimu ya ile barua kwa bodi za shule. Iko mezani karibu na chai. Asomeni, arekebisheni, atakayekubali aweke jina lake.

Naomba kuwasilisha.