Hofu si kukosa imani

Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana Kisangani. Mabomu yalinyamaza, lakini miili ya wengi inakumbuka: ndege ikinguruma uwanjani, moyo unapiga mbio, pumzi inabana, unadhani unakufa. Huko si kukosa imani. Eliya alipokata tamaa, Mungu alimpa kwanza usingizi na chakula, ndipo akasema naye. Basi ukishikwa, keti, kanyaga chini, legeza mabega. Vuta pumzi polepole, itoe polepole zaidi. Kisha omba kwa maneno machache. Jirani akishikwa, usimkemee. Keti naye mpaka atulie. Ikizidi kurudi, mpeleke kituo cha afya.