Kutoka Jeraha la Vita Hadi Ukufunzi wa Uongozi: Funzo la Jenerali Dallaire



Mada hii inawahusu askari wastaafu wanaotaka kuwa wakufunzi wa uongozi, pamoja na taasisi zinazowaalika. Hoja yangu ni moja: mateso peke yake hayamfanyi mtu kuwa mwalimu. Yanafundisha pale yanapotibiwa, yakasemwa waziwazi, kisha yakazaa utaratibu ambao wengine wanaweza kuufuata. Nitaieleza kwa mfano wa Luteni Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada.

1. Jeraha lenyewe

Dallaire aliongoza UNAMIR, kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Rwanda. Tarehe 11 Januari 1994 aliyataarifu makao makuu ya Umoja huo, New York, kuhusu silaha zilizofichwa Kigali na hofu ya mpango wa kuwaangamiza Watutsi, akaeleza nia yake ya kuzikamata. Akakatazwa. Tarehe 7 Aprili, mauaji hayo yalipoanza, wanajeshi 10 wa Ubelgiji waliokuwa chini yake waliuawa. Tarehe 21 Aprili, mauaji ya kimbari yakiwa yamepamba moto, Baraza la Usalama liliamua kikosi kipunguzwe hadi watu 270. Dallaire na naibu wake, Henry Anyidoho wa Ghana, walibaki na askari wachache wakiwalinda maelfu ya raia, wakiwemo waliokimbilia Uwanja wa Amahoro.

Alirudi Kanada mwili ukiwa mzima. Akapandishwa cheo, akajitwisha kazi usiku na mchana, na zaidi ya mara moja akajaribu kujiua. Aprili 2000 aliachishwa jeshi kwa sababu ya kiwewe. Miezi michache baadaye alikutwa bustanini huko Hull, Quebec, hajitambui, akiwa amechanganya pombe na dawa.

2. Jinsi jeraha lilivyogeuka somo

Kwanza, alikubali kutibiwa. Ametibiwa kwa miaka mingi, wala hajawahi kujidai kwamba amepona kabisa.

Pili, alisema. Alianza kuzungumzia hali yake angali amevaa sare, wakati ambapo askari mwenye kiwewe alionekana mlegevu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Jenerali anapotamka kwamba anaugua, koplo naye hupata ujasiri wa kwenda kwa daktari. Huo ni uongozi.

Tatu, aliweka utaratibu. Mwaka 2007 alianzisha mpango wa kuzuia watoto kuingizwa vitani, ambao ukawa na makao yake Chuo Kikuu cha Dalhousie, Halifax. Humo askari na polisi hufundishwa kabla ya kwenda kazini: ukifika kwenye kizuizi ukakuta mtoto ameshika bunduki, utampa amri gani askari wako, na utafanya nini asife mtoto wala askari?

Mwenzake aliyetumikia Rwanda, Luteni Kanali Stéphane Grenier, alipita njia hiyohiyo. Mwaka 2001 alishiriki kuanzisha mpango wa askari kusaidiana wao kwa wao katika jeshi la Kanada. Baada ya kustaafu aliupeleka ujuzi huo maofisini na viwandani.

3. Mapendekezo

Suala hili ni letu pia. Desemba 2017 huko Semuliki, Kivu Kaskazini, nchini Kongo, walinzi wa amani wa Tanzania zaidi ya 10 waliuawa katika shambulio moja. Wenzao waliorudi nyumbani wanaishi mitaani kwetu. Napendekeza:

(a) Mstaafu asisimamishwe jukwaani kabla hajapata ushauri nasaha. Kumtaka asimulie vifo vya wenzake ili hadhira isisimke ni kumuumiza upya.

(b) Kila simulizi la mkufunzi liishie kwenye zoezi. Washiriki wapewe uamuzi mgumu, muda mfupi na taarifa pungufu, kisha wajadili walichoamua na sababu zake.

(c) Wastaafu waandaliwe kuwa wasikilizaji wa wenzao, wakishirikiana na wataalamu wa afya ya akili.

Tukiyazingatia haya, mkufunzi wa namna hii atapimwa kwa maamuzi ambayo wanafunzi wake watayafanya watakapokuwa peke yao, naye hayupo.