Watazamaji 19 wa Pawtucket



Leo nataka kusema nanyi habari za watazamaji wa michezo, wala si za wachezaji. Mchezaji husifiwa kila siku, jina lake huandikwa gazetini na picha yake hutundikwa ukutani. Lakini yule alipaye kiingilio, akaketi juu ya ubao mgumu na kushangilia hata sauti ikamkauka, ni nani amsifuye? Mfano wangu nautoa katika nchi ya Marekani.

Yafaa kwanza niueleze mchezo wenyewe. Unaitwa besiboli, na aliyepata kutazama kriketi atauelewa upesi. Kila upande una wachezaji tisa. Mmoja hurusha mpira, na mpinzani wake huupiga kwa gongo, kisha hukimbia kuvizunguka vituo vitatu mpaka arudi pale alipoanzia. Hapo huwa amepata alama moja. Pande hizo mbili hupokezana kupiga kwa zamu tisa. Zamu zikiisha nao wako sawasawa, huongeza nyingine, na nyingine tena, mpaka apatikane mshindi.

Huko Marekani iko ligi kubwa, na chini yake ziko ligi ndogo, ambamo vijana hujifunza hata wapate kuitwa na timu kubwa. Mtazamaji wa ligi ndogo hulipa kiingilio cha chini, naye huketi karibu sana na wachezaji. Mpira ukiangukia jukwaani, aliyeudaka huenda nao nyumbani kwake. Ifikapo zamu ya saba, watu wote husimama wakajinyosha. Katika kiwanja cha McCoy, mjini Pawtucket katika jimbo la Rhode Island, wachezaji waliketi chini ya jukwaa la watazamaji. Basi watoto walikata vidumu vya maziwa vya plastiki, wakatia ndani mpira na kalamu, wakavishusha kwa kamba kama mvuvi ashushaye ndoana. Mchezaji akiisha kutia sahihi yake, mtoto huvuta kamba kwa furaha.

Siku ya Jumamosi, tarehe 18 Aprili 1981, usiku wa kuamkia Pasaka, timu ya Pawtucket Red Sox ilikutana na Rochester Red Wings kiwanjani hapo. Walikuja watazamaji 1,740. Taa zilikuwa na hitilafu, hata mchezo ukachelewa kama nusu saa. Zamu tisa zikaisha, kila upande una alama moja. Wakaendelea. Baridi ilikuwa kali, na wachezaji wakaota moto wa magongo yaliyovunjika. Katika zamu ya 21 Rochester wakapata alama ya pili, na watu wakadhani sasa watakwenda kulala. Lakini Wade Boggs wa Pawtucket akaupiga mpira uliowasawazisha. Ilikuwako kanuni ya kukataza zamu mpya isianzwe usiku mkubwa, ila kitabu walichokuwa nacho waamuzi hakikuwa na kanuni hiyo, nao hawakukubali kuusimamisha mchezo. Hatimaye mkuu wa ligi alipatikana kwa simu, akaamuru usimame. Ilikuwa saa kumi na dakika saba alfajiri. Zamu 32 zilikuwa zimekwisha, na alama ni 2 kwa 2.

Jukwaani walikuwa wamesalia watu 19 tu. Hao walipewa tiketi za kuingia kiwanjani bure.

Mchezo ulimaliziwa tarehe 23 Juni mwaka ule ule. Safari hii walifika watu 5,746, na waandishi wa magazeti wengi, maana wachezaji wa ligi kubwa walikuwa wamegoma. Dakika 18 zilitosha. Katika zamu ya 33 Dave Koza alipiga mpira, Marty Barrett akakimbia akafika, na Pawtucket wakashinda 3 kwa 2. Mpaka leo haujachezwa mchezo wa zamu nyingi kuliko huo katika besiboli ya kulipwa. Wade Boggs, na Cal Ripken aliyechezea Rochester, baadaye walipata sifa kubwa katika ligi kuu.

Siwalaumu waliokwenda kulala usiku ule, kwa kuwa walikuwa na watoto na baridi ilikuwa nyingi. Lakini mchezo bila watazamaji ni kama ngoma isiyo na wa kuicheza, na wale 19 hawakukubali ngoma ile ipigwe peke yake.

Tena liko jambo la kusikitisha. Timu hiyo ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba itahama. Mwaka 2020 ndio uliokuwa mwaka wa kuagana, lakini ugonjwa wa korona ukaizuia michezo yote ya ligi ndogo. Mwaka 2021 timu ikahamia kiwanja kipya mjini Worcester, katika jimbo la Massachusetts. Watu wa Pawtucket, waliokuwa wakija na watoto wao na wajukuu wao, hawakupata hata mchezo mmoja wa kuaga.

Mtazamaji huipenda timu, lakini timu si mali yake. Yaweza kuondoka. Kwa hiyo ndugu zangu, kama iko timu ndogo karibu na kwenu, nendeni mkaitazame maadamu ipo. Lipeni kiingilio, wachukueni watoto, wala msiondoke kwa sababu ya manyunyu tu.