Udongo Wetu na Chokaa: Maneno kwa Wajenzi wa Bagamoyo



Mtu hujinyima miaka mingi akajenga nyumba. Masika ya kwanza ukuta wapasuka. Humlaumu fundi, kumbe mara nyingi mkosa ni udongo wa mfinyanzi chini ya msingi: ukinywa maji huvimba, ukikauka husinyaa.

Dawa yake wazee wetu waliijua kwa kazi nyingine: chokaa. Msikiti wa Kaole, wa karne ya 13, ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa hiyo ikichanganywa na mfinyanzi, yapata kilo 4 hadi 6 kwa kila kilo 100 za udongo mkavu, huupunguzia uvimbe na kuutia nguvu. Upondeni, uchanganyeni sawasawa, utieni maji kiasi, ushindilieni, kisha uwekwe na unyevu siku 7 au zaidi. Jilindeni macho, maana chokaa huunguza. Udongo wa mchanga wafaa saruji, inayotengenezwa Wazo Hill tangu 1966.

Lakini tusichome matumbawe, ndiyo makao ya samaki. Tutumie chokaa ya mawe ya nchi kavu. Wala fundi asikisie, udongo upimwe kwanza. Maskini hana fedha ya kujenga mara mbili.

Uhuru na Kazi!